Chapa Juu ya Chapa

Sura ya Tisa

Saa tatu kamili asubuhi stima ilikatika, kama ilivyotangazwa. Kwa mara ya kwanza tangu ahamishiwe Kitengela, Inspekta Kalekye alikuwa ameomba watu wa stima wavunje ahadi. Tangazo lilikuwa likizunguka kwenye simu tangu Jumapili: Kitengela, Isinya na viunga vyake, Jumatano, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kubadilisha nguzo na nyaya. Feni iliyokuwa juu ya kabati la mafaili ilizunguka mara chache zaidi, kisha ikasimama.

"Tuko na masaa nane," Kalekye akasema.

Caro alilivuta faili lake karibu. Yeye ndiye aliyenunua kila kitu kilichoingia katika karakana ile walimokaa, ya watu kumi na wanne, kuanzia skrubu hadi chipu, na tangu Ijumaa alikuwa hajalala vizuri. Walitengeneza kitu kimoja tu: kisanduku cheupe kinachoitwa Mama Joto. Mfugaji anakitundika kwenye banda la vifaranga, anabonyeza namba ya joto analotaka, na kisanduku kinawasha hita na kuizima chenyewe. Namba hiyo inakaa ndani ya chipu ndogo ya kumbukumbu, isipotee hata stima ikienda.

Ijumaa iliyopita, kule Isinya, namba ilipotea. Stima ilikuwa imeenda kutwa nzima, na iliporudi Mama Joto ya mfugaji mmoja, Nzisa, ilikuwa imesahau kila kitu. Kisanduku kikikosa kumbukumbu husoma namba kubwa kuliko zote kinazoweza kusoma, mia mbili hamsini na tano. Hita iliwaka ikingojea joto ambalo halingefika kamwe. Maranda yaliyotandikwa sakafuni yakashika moto. Nzisa aliingia kuwaokoa vifaranga mara mbili akatoka, akaingia mara ya tatu. Aliacha watoto watatu, na Kalekye ndiye aliyewapa habari, wakiwa wamesimama kwenye kibaraza cha jirani yao Immaculate na sare za shule bado mwilini. Alikuwa amefanya kazi hiyo mara nyingi, na hakuwahi kuizoea.

"Nieleze tena," akasema sasa. "Pole pole, kama unaambia mtu hajui kitu."

Caro alivuta pumzi. "Zamani tulikuwa tunanunua kwa kiwanda moja tu, kupitia ajenti wao. Chipu safi, hakuna maneno. Alafu mambo ikaharibika. Hizi kampuni kubwa za AI zinameza memory yote ya dunia. Viwanda vikaacha kutengeneza hizi ndogo ndogo za watu kama sisi, vikakimbilia zile kubwa. Mzigo ulikuwa unafika kwa wiki nane, ukaanza kufika kwa wiki arobaini. Miezi tatu hapa tulikuwa tunakunywa chai tu. Nikasema sitawahi tena kutegemea mtu mmoja. Nikatafuta wawili."

"Uliwachagua aje?"

"Kwa fomu." Alifungua faili. "Kiwanda gani, nchi gani, mzigo unapitia wapi, barua ya kiwanda iko ama haiko. Nilitaka wawili wenye hawafanani kwa kitu yoyote. Shiro analeta za Korea, zinapitia airport. Ngigi analeta za Uchina, zinapitia bandari. Mmoja akianguka, mwingine amesimama. Chipu ya Shiro ikiingia kwa kisanduku, namba ya kisanduku inaishia na A. Ya Ngigi, inaishia na B."

"Na ulizipima."

"Sampuli hamsini za kila mmoja. Nilizipika kwa oveni, nikaziandika na kuzifuta mara elfu kumi, nikazikatia stima siku mbili. Hakuna hata moja ilisahau."

Kalekye alipindua karatasi moja moja. Kila jedwali lilikuwa limejazwa, kila sahihi ilikuwa mahali pake. Hakuwa ameona faili safi kama hilo katika miaka kumi na sita ya kazi, na usafi ule ulimtia wasiwasi, kama mama anaposikia watoto wamenyamaza chumbani.

Kisanduku cha Nzisa kilikuwa B. Ngigi alikuwa korokoroni tangu Jumatatu, akisema hajui lolote. Visanduku vya B vilikuwa tisini na sita, na kwa siku mbili polisi na wafanyakazi wa Caro walikuwa wamevitafuta kimoja kimoja hadi cha mwisho kikazimwa. Vya A vilikuwa mia nne na kumi na mbili. Hivyo viliachwa.

"A haina shida, afande. Naapa."

"Umezipima tangu Ijumaa?"

Caro alitazama dirishani. "Sikupata nafasi, tulikuwa tunatafuta za B. Kupima kunataka zikae bila stima masaa saba, nane. Zikikaa bila stima kidogo zinakumbuka. Ni ile siku nzima ndio inaziua, na hata hapo si zote kwa siku moja."

"Basi hiyo test imeanza," Kalekye akasema. "Inafanyiwa kwa mabanda ya watu."

*

Mwenye stoo aliitwa Kisemei. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, aliyekuwa na ng'ombe sabini kabla ya kile kiangazi kikali na tisa baada yake. Kabla ya hapo alikuwa broka katika mnada wa ng'ombe wa Bissil. Sasa alilinda rafu nne za plastiki na kufuli moja.

"Sopa, mzee," Kalekye akamsalimu kwa Kimaasai.

"Epa. Ulichelewa kuja huku, madam. Nilidhani polisi wanaanza na stoo."

Kalekye alimwomba amwonyeshe chipu za A na za B. Kisemei akateremsha magurudumu mawili ya plastiki, kila moja limezungushiwa mkanda, na katika mkanda chipu zimelala kila moja katika kijumba chake, ndogo kuliko punje ya maharagwe.

"Ziko ngapi hapa?"

"Hiyo mimi sisemi."

Caro, aliyekuwa amesimama mlangoni, akacheka bila furaha. "Hatakuambia. Miaka mbili nagombana na yeye. Ati kuhesabu mali kwa sauti ni kuiitia mkosi. Kazi ya stoo ni kuhesabu! Mimi ndio naandika hesabu, natoa kwa karatasi za delivery."

"Ng'ombe hauhesabu," Kisemei alisema, akimwambia Kalekye na si Caro. "Unaangalia. Wakiingia boma jioni, unaangalia uso, pembe, rangi. Mmoja akikosa unajua, na wa mtu mwingine akiingia unajua pia. Mwenye anahesabu anaweza pata mia moja na iwe si mia yake."

"Na hizi umeziangalia?"

"Kila siku."

"Ukaona nini?"

Kisemei alivuta chipu tatu kutoka gurudumu la A na tatu kutoka la B, akazichanganya kwenye kiganja kama mtu anayecheza bao, akazimwaga juu ya karatasi nyeupe. Akampa Kalekye kioo cha kukuza. "Zitenganishe."

Maandishi yalitofautiana, jina la kiwanda hiki na jina la kiwanda kile, na mtoto wa darasa la pili angeweza kuzitenganisha. Kalekye alisema hivyo.

"Hiyo ni chapa. Wacha chapa, angalia ngozi." Ukucha wake mrefu uligusa pembe ya chipu moja. "Chipu ya zamani, ile tulikuwa tunanunua kwa ajenti, ilikuwa na shimo ndogo hapa, ya mviringo, safi. Kama jicho. Hii jicho imezibwa nusu. Hii pia. Na hii. Zote sita. Kule mnadani mwizi akileta ng'ombe, anachoma chapa yake juu ya chapa ya mwenyewe. Mnunuzi wa town anasoma chapa, analipa. Sisi tunapitisha mkono kwa nywele. Nywele ikimea vibaya, kuna chapa juu ya chapa. Hizi zimepakwa, madam. Na ni za boma moja."

Caro alikuwa ameingia ndani kabisa sasa. "Kisemei. Ulijua lini?"

"Kitambo."

"Na hukuniambia?"

"Wewe uliniuliza ziko ngapi," Kisemei akasema. "Kila siku, ziko ngapi, ziko ngapi. Hakuna siku uliniuliza ziko aje. Mimi nilifikiri ndio biashara, pengine inaruhusiwa." Kisha, kwa sauti ya chini, "Ningejua kuna mtu atachomeka ningesema hata kwa nguvu."

Saluni ilikuwa mlango wa tatu kutoka karakana. Kalekye alirudi na pamba na chupa ya dawa ya kutoa rangi ya kucha, aliyopewa na msusi aliyemwangalia vidole vyake vikavu kwa huruma. Akaanza na chipu ya B. Pamba ikageuka nyeusi. Chini ya jina la kiwanda cha Uchina kulikuwa na mikwaruzo, na chini ya mikwaruzo kivuli cha herufi nyingine. Hilo alilitarajia.

Akachukua ya A, pamba mpya, na kusugua taratibu. Jina la kiwanda cha Korea lilifutika kama maandishi ya penseli na pamba ikawa nyeusi vilevile.

Caro alikaa juu ya boksi. "Hili gurudumu ni la Juni," alisema haraka. "Ni jipya. Pengine Shiro aliishiwa juzi juzi tu. Za mwanzo zilikuwa nzuri, afande, nilizipima mwenyewe. Kama shida imeanza Juni, basi ni visanduku themanini hivi. Themanini tunaweza."

Lilikuwa tumaini dogo, lakini Kalekye alilishika, maana hakuwa na lingine. Wenye visanduku vya A wengi walinunulia kwa agrovet, maduka ya dawa na chakula cha mifugo, na namba zao za simu hazikuwa popote. Ukijua tarehe, unajua uanze na nani. "Pigia kila mtu uko na namba yake," aliagiza. "Wewe, Kisemei, wafanyakazi wote. Wachomoe, si kuzima kwa ukuta tu. Anza na wa Juni kuja hivi. Mimi naenda kwa Shiro."

"Si umpigie simu?"

"Nikimpigia atakuwa na saa moja ya kupanga uongo."

*

Konstebo Lesiamon aliendesha kwa barabara ya Isinya kuelekea Kiserian, gari likiruka kila tuta. Kalekye alipiga simu njia nzima. Kituo cha Isinya kilikuwa na gari moja, nalo lilikuwa limepeleka mahabusu kortini Kajiado; wangetoa askari wawili na pikipiki. Ofisi ya stima ilimsikiliza kwa adabu na kumwambia mafundi wako juu ya nguzo, na kwamba kuna hospitali na vyumba baridi vya maua vinavyongoja stima hiyohiyo. Kuchelewesha kungetaka barua. Tena kisanduku kikizidi kukaa gizani ndivyo kinavyozidi kusahau, kwa hiyo hata hakujua aombe nini.

Walipofika njia panda ya Isinya, Lesiamon alipunguza mwendo. "Kwa Immaculate ni hapa ndani, madam. Yeye pia si ako na Mama Joto?"

Kalekye alikumbuka vizuri. Ijumaa ile, baada ya kuwaambia watoto, Immaculate alimshika mkono, akampeleka kwenye banda lake na kuuliza, "Na yangu je?" Kalekye alikipindua kisanduku, akaona A. Hii iko sawa, alimwambia. Usijali.

"Alisema alinunua mwaka juzi," akajibu. "Ni ya mwanzo. Endelea."

Alijaribu namba ya Immaculate hata hivyo. Simu ilikuwa imezimwa.

*

Duka la Shiro lilikuwa juu ya soko la Ngong, upana wake ni wa mtu kunyoosha mikono. Aliuza chaja, vioo vya simu, balbu, waya. Alikuwa mwanamke mchangamfu wa miaka thelathini na kitu, mwenye sauti ya kumfanya mteja ajione mgeni wa heshima. Kalekye hakuwa na sare. Alimtuma Lesiamon nyuma ya jengo.

"Natafuta remote ya TV," akasema, na kutaja televisheni ya zamani ambayo mama yake alikuwa nayo Machakos na ambayo hata viwanda vimeisahau.

"Iko, mum! Keti hapo dakika mbili, iko stoo." Shiro akatoka kupitia mlango wa nyuma. Dakika zikawa nne. Alirudi akihema, rimoti mkononi, vumbi likiwa limepanguswa upande mmoja. "Si nilikuambia?"

"Stoo yako iko na mama wa aproni ya kijani?" Lesiamon akauliza kutoka mlango wa nyuma. "Maana huyo ndiye amekupea."

Shiro alimwangalia yeye, kisha kitambulisho ambacho Kalekye alikuwa amekiweka kaunta. Tabasamu lilichukua muda kuondoka. "Hiyo si makosa, madam. Hapa kila mtu anafanya hivyo. Mteja ukimwambia hakuna, umempoteza. Unamwambia ngoja. Unaenda kwa jirani, jirani anakupea, kesho na yeye anakuja kwako."

"Na chipu za Caro wa Kitengela?"

Shiro alianza kupanga chaja kwenye kaunta.

"Shiro, sina wakati. Ngigi ni jirani yako?"

"Alikuwa hapo chini. Mlango wa pili. Akahamia upande wa stage ya matatu."

"Fomu inasema wewe unaleta za Korea kwa ndege, na yeye za Uchina kwa meli."

"Fomu inasema," Shiro akakubali, kwa unyonge. "Huyo Caro alikuja na maswali mengi. Kiwanda gani, njia gani. Ukijaza vizuri anafurahi. Barua tulitengenezewa cyber."

"Mlikuwa mnajua mnauzia mtu mmoja?"

"Ngigi alinicheka siku moja. Aliniambia, 'Mteja wako amekuja kwangu anataka mtu asiyekujua.'"

Lesiamon alikohoa. Kalekye alitoa daftari. "Sasa sikiliza vizuri. Za Juni zimepakwa rangi, nimeona kwa macho yangu. Nataka kujua ulianza lini kumpelekea hizo. Mwezi gani. Kabla ya hapo ulikuwa unatoa wapi?"

"Kabla ya wapi?"

"Kabla ya hizi mbovu."

Shiro alionekana kutoelewa swali, na kalamu ya Kalekye ikasimama. "Madam, hakuna kabla. Alivyokuja mara ya kwanza nilikuwa na kaboksi kamoja, kampuni fulani ilifunga ikaniuzia vitu vyake. Zilikuwa original kabisa, mia moja na kitu. Nikampea hamsini kama sampuli, akaenda akapima, akarudi anacheka, akaagiza elfu moja. Ningemwambia hakuna? Nikaenda kwa Ngigi. Ngigi naye sampuli zake alikuwa ametoa kwa kaboksi kangu, zikapakwa jina la Uchina, na hakuwa na kitu. Tukaenda kwa yule jamaa wa Embulbul."

"Jamaa gani?"

"Anang'oa chipu kwa mabodi ya zamani, zile za takataka za kompyuta. Anaosha, anapaka, anaandika jina unataka. Asubuhi anaandika ya Korea, mchana ya Uchina. Watu wengi wanachukua kwake. Anasema zinafanya kazi, na zinafanya, madam. Mimi nilijaribu moja, ikafanya."

"Kuna gurudumu hata moja uliuzia Caro lenye halikutoka Embulbul? Hata moja? Fikiria."

Shiro alifikiria kweli. Alikunja uso, akahesabu kwa vidole, na Kalekye akamwacha amalize.

"Sampuli tu," akasema mwishowe. "Zile hamsini."

Zile hamsini Caro alikuwa amezipika, akaziandika na kuzifuta mara elfu kumi kila moja hadi zikachakaa. Chipu nzuri pekee zilizoingia karakana ile kutoka kwa Shiro na Ngigi zilimalizwa na kipimo chenyewe. Kalekye alifunga daftari. Hasira aliyokuwa nayo haikuwa na mtu wa kumwangukia. Pale mbele yake alikuwa mwanamke wa duka aliyeogopa kusema neno moja fupi.

"Kwani kuna mtu ameumia?" Shiro akauliza.

Akamwambia. Alimtajia Nzisa kwa jina, na watoto watatu. Shiro alishika kaunta kwa mikono miwili. "Mimi niliuza chipu," akasema. "Mungu wangu. Mimi sikuuza moto."

Askari wa Ngong walikuja kumchukua, na wengine wakaenda Embulbul. Ilikuwa saa saba na nusu.

*

Caro alipokea simu kabla haijalia mara moja. Kalekye alimwambia kwa sentensi mbili. Upande wa pili akamsikia Caro akiwaambia wengine, "Zote. Pigieni wote," na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezeeka tangu asubuhi.

Habari zilizofuata ziliingia moja moja huku gari likirudi kupitia Kiserian. Agrovet moja ya Isinya ilikuwa ikikimbiza watu kwa bodaboda. Nyingine ilikuwa imefungwa, mwenyewe yuko matanga. Wafugaji wengine walichomoa palepale. Wengine waligoma: vifaranga wana siku nne, makaa yameisha, stima ikirudi na hita isiwake watakufa kwa baridi, na nani atalipa? Caro aliweka onyo kwenye kundi la wafugaji kwenye simu, lenye watu mia sita. Mtu mmoja akajibu kwamba huo ni uongo wa washindani wanaotaka kuuza visanduku vyao. Jibu lake likapata vidole gumba vingi kuliko onyo lenyewe.

Na simu nyingi hazikupatikana kabisa. Kalekye alichelewa kuelewa kwa nini, na alipoelewa alifumba macho. Stima imeenda tangu saa tatu, na watu wa Isinya hawana pa kuchajia.

Saa tisa na nusu, simu ya karakana ilipokelewa na Kisemei.

"Caro yuko wapi?"

"Amelala kwa meza. Si kulala. Analia."

"Mzee, mmebaki na wangapi hamjawapata?"

Aliuliza kisha akakumbuka anauliza nani. Alikuwa karibu kumwambia ampe mtu mwingine simu.

"Mia mbili na kumi na sita," Kisemei akasema. Alilitamka polepole, wazi, kama anayetaja majina ya wafu. "Nimehesabu mara mbili."

Kalekye alikata simu. Mbele yao njia panda ya Isinya ilikuwa inakuja. "Ingia kwa Immaculate," akamwambia Lesiamon. Asubuhi ingewachukua dakika kumi. Alikuwa amezihifadhi dakika hizo na kuzipeleka Ngong kununua rimoti.

Barabara ya ndani ilikuwa ya mawe. Walipita ploti zilizozungushiwa seng'enge, nyumba zisizo na madirisha bado, banda baada ya banda la mabati. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi na tano. Walikuwa na saa nzima na robo, na kwa Immaculate palikuwa pamebaki kilomita mbili.

Kwanza ilisikika redio. Kibanda kilichokuwa kimya kando ya njia kiliguruma katikati ya wimbo. Kisha balbu juu ya mlango wa posho mill, kinu cha unga, ikawaka mchana kweupe, na kutoka ploti moja hadi nyingine, mbele na nyuma yao, kelele ikapanda, watoto kwa wakubwa, ile kelele ya furaha ambayo Kalekye mwenyewe aliipiga utotoni kila mara. Stima imerudi! Mafundi walikuwa wamemaliza mapema.

"Kanyaga," akasema. Lesiamon alikuwa tayari amekanyaga.

Simu yake ikalia. Immaculate.

"Afande! Nimepata meseji ati ulinipigia, pole sana. Simu ilikuwa imekufa, ndio nimeiweka chaji saa hii."

"Immaculate, chomoa Mama Joto. Saa hii. Usiingie kwa banda, zima kwa meter kabisa!"

"Nini? Subiri, sikusikii, hawa watoto wanapiga kelele." Nyuma yake watoto watatu wa Nzisa, aliobaki nao, walikuwa wakiimba na kuruka, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. "Unasema Mama Joto? Hapana, usijali, yangu iko sawa. Yangu ni A. Si wewe mwenyewe uliiangalia?"

"Nilikosea! Immaculate, nilikosea, zima!"

"Sikusikii kabisa. Wacha simu ichaji kidogo, nitakupigia. Acha niende niangalie hawa vifaranga kama wamepata joto." Kisha, kwa sauti iliyoanza kwenda mbali, "Haya, twendeni, mje mnisaidie kushika mlango."

Ikasikika simu ikigusa mbao. Nyayo zikatoka nje, za mtu mzima na za watoto, na wimbo wao ukaenda nao. Lesiamon alilipita kundi la mbuzi bila kupunguza mwendo, na Kalekye akaendelea kupaza sauti kwenye simu iliyokuwa imelala mezani, ikichaji.